Kitambaa cha Ndani ya Bunduki

Siku ninayoisimulia, kule Al-Hamra, Jeddah, tulikuwa watu watano. Alikuwako baba, mwenye nyumba, mzee aliyefiwa na mkewe kabla sijafika. Alikuwako madam, bintiye, ambaye ndiye aliyeniajiri. Alikuwako ndugu yake baba, mdogo wake wa tumbo moja, ametoka Riyadh, ana ghala la vipuri vya magari huko Al-Sulay. Madam akimwita ami. Alikuwako dereva, Mzanzibari, akilala mtaa wa Bani Malik na kuja asubuhi. Na mimi, mama wa Likoni, niliyekwenda Saudia pamoja na wale wasichana wengi wa miaka ile, wao wakiniita nyanya ndani ya ndege. Majina yao ninayo yote kichwani, hata la paka wa jirani, ila hapa siyatii.

Baba alikuwa na chumba cha bunduki. Usishtuke. Zilikuwa kuukuu za jeshi, mabaki ya vita vya zamani, haziwezi kupiga hata njiwa, na kibali chake kilitundikwa ukutani. Alizinunua mnadani vipande vipande, mtutu huku, ubao wa kitako kule, kisha anakaa kuziunganisha. Kila chuma kina nambari yake, na bunduki ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani nambari zote huwa moja. Za baba hazikuwa moja.

"Hii mamake Mturuki, babake Mwingereza," alikuwa akinionyesha.

"Kama wewe, bi mkubwa," dereva akasema kwa Kiswahili. "Mdigo kwa mama, Mpemba kwa baba, na bado wafanya kazi."

"Na wewe uliyeunganishwa vibaya hata mke hujapata," nikamjibu.

Baba akataka afasiriwe. Alicheka mpaka akakohoa.

Lakini moja hakuinunua. Ilikuwa ya marehemu baba yao. Hiyo nayo ilikuwa ya mchanganyiko, na ndiyo iliyowagombanisha. Ami alishikilia kwamba baba yao aliiacha nzima, na kwamba kaka yake aliuza vyuma vizuri akaweka viraka. Baba aliapa hajaigusa. Kwa ajili hiyo walikuwa hawali sinia moja, na madam aliniambia jikoni kwamba babake hataki kitu kingine duniani ila nduguye amwamini, maana wote wawili wameshazeeka. Ikaja harusi ya bintiye madam, ami akaalikwa, akakubali kuja.

Siku ya kufika kwake, baba aliifungua ile bunduki ili niupake ubao mafuta, akaenda kuswali. Mle ndani, baina ya mtutu na ubao, nikakuta tambara limezungushwa, jeusi tititi kwa grisi. Nikasema hili limesahauliwa. Nikalifua kwa maji moto na sabuni ya unga, nikalisugua hata maji yakatoka safi, nikalianika juani, nikalipiga pasi, nikalikunja na matambara yangu ya kufutia vumbi. Baba aliporudi aliiunganisha bunduki yake haraka haraka, maana mgeni alikuwa keshafika mlangoni.

Ami akaingia. Hata kahawa hajanywa, akaichukua ile bunduki, akaitikisa. Ikalia kama kopo lenye msumari.

"Asli mafi," akasema, yaani hakuna cha asili hapa. "Bunduki ya babangu haikuwa ikilia."

Baba naye akaitikisa. Akanigeukia. "Ya haja," ndivyo alivyoniita kwa utu uzima wangu, "humu mlikuwa na kitambaa."

"Nimekifua, baba."

"Umekifua?"

Dereva akaninong'oneza, "Leo warudi Likoni, bi mkubwa."

Nikakileta kwenye viganja viwili kama ninayepeleka sahani. Kilikuwa cha buluu, kina maua madogo, na upande mmoja una upindo wa kushonwa kwa mkono. Ami akakipokea. Akakigeuza, akaupitisha upindo ule baina ya vidole, polepole, kisha akakaa chini.

"Hii nguo ya mama," akasema. "Ile ya kupikia."

Baba akavuta kiti akakaa karibu naye. Kumbe hata yeye hakuwahi kuyaona yale maua. Grisi ilikuwa imeyafunika miaka yote. Mama yao alikufa wao wangali wadogo, na nguo zake baba yao hakumpa mtu. Nani basi angekata nguo ile akaubana mtutu usicheze, ila yeye mwenyewe?

"Basi ubao haukuwa wa bunduki hii toka enzi za baba," ami akasema.

"Haukuwa wake."

"Na mimi nimekusema kwa watu."

"Umenisema sana," baba akasema, akamsogezea kikombe.

Madam akatoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akauliza chakula kiletwe au bado. Ami akaomba mkasi, anataka kipande aende nacho Riyadh. Baba akamwambia kata, japo alijua mtutu utalia tena. Ami akaushika mkasi, akafikiri, akakata uzi tu wa upindo, akauzungusha kidoleni. Kisha wakakirudisha kile kitambaa, mmoja ameshika mtutu, mmoja anavuta, wakibishana nani anakiweka vibaya. Wakala kabsa, ule wali wao wa nyama, sinia moja, nayo ikarudi jikoni tupu.

Maua nadhani yalikuwa meupe, lakini huenda yalikuwa ya manjano. Na mkasi, sikumbuki vizuri kama niliuleta mimi au madam. Dereva yuko Unguja sasa. Yeye, au yeyote wa nyumba ile atakayesomewa haya akaona nimekosea, na aniambie, nipate kusahihisha ningali na macho.