Zamu ya Domitila ya Kufagia Kanisa

Jumamosi ile tuliamka kama Jumamosi zote. Kijiji chetu, huko Kivu, kilikuwa nyumba thelathini hivi, kanisa la matofali, na Nyumba ya Mawe aliyoijenga Mbelgiji mmoja zamani, alipopanda kahawa. Baba zetu walichoma matofali ya kanisa jioni, wakitoka shambani kwake. Mbelgiji akaenda zake. Nyumba ikabaki, nasi tukawa tunaanika kahawa yetu uani kwake, maana hapakuwa na sakafu ya sementi mahali pengine.

Kanisa tulilifagia kwa zamu, na jina lililosomwa wiki ile lilikuwa langu. Lakini mawingu yalikuwa yamekaa vibaya na kahawa yangu haijakauka. Nikamwomba mdogo wangu Domitila anishikie zamu.

"Dada, siku ya hukumu nayo nikushikie?"

"Utanishikia tu. Nenda."

Akacheka, akachukua ufagio. Neno la mwisho nililompa ni hilo. Nenda.

Kanisani walikuwa wanne: Domitila, Mama Feza, Nabintu binti wa Byamungu, na mzee Barnaba, katekista.

Risasi zilianzia upande wa mto.

Nililala chini ya ukuta wa ua, uso kwenye kahawa.

Niliona miguu. Mabuti, na wengine kandambili. Wa upande gani, hatukujua hata baadaye.

Mlango wa kanisa ulifungwa kwa nje.

Kisha moshi.

Nyumba ya Mawe waliipita bila kuingia. Kwa nini, sijui. Hakutoka kanisani hata mmoja. Watu walipokuja kuniambia, nilikuwa nazoa kahawa, nikasema nimesikia, nikaendelea kuzoa mpaka mvua ikanyesha. Sikulia. Hata kwenye mazishi sikulia, na Mama Sifa, jirani yangu, alinitazama sana.

Sasa nakaa Vällingby, huko Uswidi. Kanisa tunalosalia, Wakongo na Warundi, ni la Waswidi, na sharti lao ni kwamba tulifagie wenyewe. Mimi kuandika sikujifunza. Mjukuu wangu Neema, aniitaye Koko, ndiye mwenye karatasi ya zamu. Aliniuliza kwa Kiswidi, nikamwambia sema lugha ya nyumbani.

"Koko, Jumamosi hii nikuandike wewe?"

"Andika Domitila."

"Ni nani huyo?"

Nikamwambia. Nikamtajia na wale watatu, na benchi alilokalia kila mmoja kanisani. Aliacha kalamu hewani.

"Sasa atakayekuja kufagia ni nani?"

"Mimi."

Akaandika. Jumamosi nilichukua treni, nikafagia kuanzia madhabahuni hadi mlangoni. Mlango niliuacha wazi, ingawa baridi ilikuwa kali. Mama Riziki, anayesimamia usafi, akaja na karatasi.

"Mama, huyu Domitila yuko wapi? Mbona simjui?"

"Alishika zamu yangu," nikamwambia. "Nashika yake."

Akaweka alama mbele ya jina.