Jiko la Mma Oteng

Bwana Oteng, au Rra Oteng kama alivyoitwa kwao, alistaafu ualimu akaanza kuandika riwaya kuhusu jiko la marehemu mama yake. Jambo jema, ila lilikuwa na kasoro moja ndogo: katika miaka yake sitini na minne hakuwahi kuingia jikoni, isipokuwa siku alipokwenda kumfukuza mbuzi, na mbuzi ndiye aliyetoka wa mwisho.

Aliyeingia ni mkewe, Mma Oteng. Alipoolewa pale kijijini Kanye, mama mkwe alimkabidhi mwiko kabla hajavua viatu, na mwiko huo hajauweka chini mpaka leo. Kwa hiyo mwandishi akiwa sebuleni na daftari lake, mtaalamu hakuwa mbali.

"Mma Oteng! Uji mchachu unanukaje?"

"Njoo unuse."

"Niko katikati ya sentensi."

"Basi andika unanuka kama uji uliochacha, mwalimu."

Jumapili moja akamsomea ukurasa wa kwanza, kwa sauti ileile ya darasani. Jiko la mama lilinukia mdalasini. Moto ulinong'ona. Vyungu viliimba kama kwaya.

Mma Oteng alicheka hadi akatua bakuli la kunde. "Mdalasini! Mama yako aliuonea wapi? Yule mama alinukia moshi, ugoro na mafuta ya ng'ombe. Na hiyo kwaya ya vyungu, nani aliyeiosha baada ya ibada?"

"Hii ni fasihi, mke wangu."

"Ndiyo maana haishibishi."

Wiki hiyohiyo dada yake Mma Oteng, wa mjini Lobatse, akapasuliwa goti, na Mma Oteng akaenda kumuuguza. Alimwachia mume unga wa mtama, kuni na baraka zake zote.

Aliporudi baada ya siku kumi na mbili, harufu ilimpokea langoni. Msomi alikuwa ameukoroga unga kwa maji yanayotokota, ukagoma kuchacha. Akautia siki, akauinjika, akaketi kuandika. Chungu kikaungua. Jirani alimletea chakula mara tatu, na kila mara akarudi kwake kwa njia ndefu, ili mtaa mzima upate habari.

Rra Oteng, kidole kimefungwa kitambaa, alilifuata daftari lake. Alilifungua, akasoma polepole:

"Majivu ya asubuhi yana harufu ya mvua ya zamani. Ukikwangua chungu, meno yanakufa ganzi. Kidole gumba cha mkono wa kulia cha mama kilikuwa na ufa uliofunguka kila majira ya baridi. Aliupaka mafuta, akashika mwiko, akasonga hivyohivyo."

Mma Oteng alikitazama kidole gumba chake cha kulia, na ufa wake.

"Mama yako alisongea mkono wa kushoto," akasema.

"Najua."

"Kumbe ulikuwa unaniona?"

"Mlangoni. Nikipita."

Miaka arobaini ya kupita! Mma Oteng akaligonga daftari kwa mwiko.

"Basi futa 'mama'. Andika Dineo. Jina langu unalikumbuka, au nikuandikie ubaoni?"

Alifuta, akaandika, mkewe akiwa amemsimamia kama mkaguzi wa shule. Kisha Dineo akamwonyesha mchanga wa kusugulia chungu, akavuta kiti uani, akalichukua daftari na kuusoma tena ukurasa ule, midomo ikichezacheza.

"Hapa kwenye mafuta," akasema bila kuinua macho, "ongeza kwamba yalikuwa yanawasha."