Dakika Niliyoikata

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikiisikia adhana ya magharibi. Umeniuliza uanzie wapi kujifunza kuandika programu za kompyuta, na najua ulitarajia nikutajie kitabu. Kitabu nitakupa. Lakini kaa kwanza nikusimulie kosa langu, maana lilinifunza mengi kuliko kitabu chochote.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni msichana wa miaka kumi na tisa, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Baba alikuwa karani bandarini Kilindini, na ndiye aliyeniandikisha darasa la kompyuta huko Ganjoni, orofani juu ya duka la vitambaa. Tulivua viatu mlangoni, kwa sababu mwalimu aliamini vumbi la miguu yetu litaziua mashine zake. Mashine zilikuwa tano na wanafunzi kumi na wawili, basi fikiria mwenyewe tulivyobanana.

Programu si uchawi, mwanangu. Ni maagizo unayoyaandika moja chini ya jingine, nayo mashine huyafuata vile vile ulivyoyaandika. Ukiiambia irudie jambo mara thelathini, itarudia mara thelathini bila kuchoka wala kukuuliza kwa nini. Uliyoyaweka moyoni bila kuyaandika haiyajui. Mimi nilipolielewa hilo nilijiona nimefika, na kichwa kikanivimba.

Sasa nikwambie habari za Bibi Zuhura, mamake Baba. Masikio yake yalikuwa yameziba kabisa. Misikiti imetuzunguka pande zote, lakini yeye alikuwa hajaisikia adhana kwa miaka. Kila Ramadhani alikaa chumbani mwake juu, tende mkononi, akingoja mtu apande amguse bega ajue magharibi imeingia. Kuna siku sote tulikuwa jikoni na sambusa zetu tukamsahau, akashuka mwenyewe akatukuta twala. Alivuta kiti akala, na mimi nikaiweka sambusa yangu chini. Nikajiapia kwamba mwaka unaofuata Bibi hatamngoja mtu.

Baba alinipatia saa za alfajiri na za jua kutua kutoka kitabu kimoja cha bandarini, za siku ya kwanza ya mfungo na za siku ya thelathini. Siku za katikati nikaiagiza mashine izipangilie kwa kuigawanya tofauti sawasawa. Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mashine huhesabu saa kwa Kizungu, kwa hivyo niliiambia itoe sita ili ipate saa zetu, na alfajiri ya saa kumi na moja ikatoka namba iliyo chini ya sifuri. Darasa zima lilinicheka. Nikaongeza agizo: kama jibu ni chini ya moja, ongeza kumi na mbili. Hilo neno "kama" utalipenda, maana ndilo linaloifanya mashine ionekane ina akili.

Saa zikakaa vizuri, ila dakika zilitoka na vipande: dakika thelathini na tano na kitu, thelathini na sita na kitu. Nikaona vitanichafulia karatasi. Nikaiagiza mashine ivikate vipande vyote, ibakishe dakika nzima. Printa ikapiga kelele zake, karatasi ikatoka safi, namba kubwa kubwa kwa ajili ya macho ya Bibi. Nikaibandika kando ya saa yake ya ukutani. Bibi aliipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, kisha akanivuta akanibusu kwenye kipaji cha uso. Mwanangu, sijapata tena sifa kama ile.

Siku ya tatu ya mfungo nilimpandishia uji, nikamkuta ameshameza tende yake, na ndipo adhana ikaanza. Nikacheka peke yangu: leo mwadhini amechelewa. Kesho yake nikamwona amechelewa tena. Hadi siku ya tisa nilikuwa namlaumu mwadhini, mtu aliyeifanya kazi ile tangu sijazaliwa, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba huenda kosa ni langu. Hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo.

Siku ya kumi, baada ya alasiri, alikuja Mzee Shee, binamu yake Bibi. Alikuwa fundi saa, na saa ya msikiti wa mtaani kwetu yeye ndiye aliyeirekebisha. Alikuja kuitazama saa ya Bibi kama desturi yake, akaiona karatasi. Akavaa miwani, akatoa mfukoni mwa kanzu kijidaftari chake cha saa za swala, akalinganisha mstari kwa mstari.

"Hini karatasi n'nani aliyeiandika?"

"Ni mimi, Mzee. Nimeitoa kwenye kompyuta."

"Na vipande vya dakika umevipeleka wapi?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno, kwamba nimevikata vyote, vya alfajiri na vya magharibi. Akaivua miwani yake polepole.

"Alfajiri ukivikata haidhuru, mtu ataacha kula mapema kidogo. Magharibi ukivikata, wamfuturisha mtu na jua halijatua. Mimi asubuhi hupunguza, na jioni hupandisha, kisha huongeza dakika nzima juu yake. Ulimuuliza nani kabla hujaibandika?"

"Sikumuuliza mtu, Mzee. Mashine..."

"Mashine haijafunga hata siku moja, mwanangu. Wewe wafunga kila mwaka."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikamwambia taratibu ausome mdomo wangu, na habari ya mwadhini nikamwambia pia. Hakunikemea. Alihesabu kwa vidole. Siku ya kwanza ilikuwa salama, kwani ilitoka kitabuni bila kipande. Zilizobaki zilikuwa nane. Mzee Shee akaenda kumuuliza sheikh, akarudi na jibu kwamba siku hizo zilipwe baada ya Idi. Bibi alikuwa amepita miaka sabini, na magoti yake hayakumfikisha hata sokoni Marikiti. Nililia. Yeye akaibandua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia chini ya mto. Jioni ile akarudi kungoja kuguswa bega.

Idi ilipopita alizilipa zote nane, moja baada ya moja, na joto lile la kwetu unalijua. Mimi nilifunga pamoja naye ingawa sikuwa na deni. Mchana nilikuwa Ganjoni nikiirekebisha programu kwa saa za mwezi ule, alizonipatia Baba kitabuni. Safari hii niliandika maagizo mawili yaliyo mbalimbali, moja la asubuhi la kukata na jingine la jioni la kupandisha na kuongeza dakika. Mzee Shee alikagua kila mstari kwa penseli, na mmoja alinirudishia mara mbili. Kila magharibi nilikaa miguuni pa Bibi, nikasikiliza, nikamgusa bega.

Siku ya nane aliniuliza, "Karatasi yangu mpya i wapi?"

Nikamletea. Akaibandika mwenyewe, pale pale pa zamani.

"Leo usiniguse," akasema.

Nikasimama dirishani, mikono nyuma. Adhana ikaanza. Bibi hakujua, macho yake yalikuwa kwenye mshale wa saa na tende mkononi. Nilitaka sana kumgusa, nikajizuia. Mshale ukasogea, ukafika. Bibi akainua tende, kisha akanigeukia.

"Haya, leo mwadhini amechelewa?"

Nikatikisa kichwa. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, ndipo akafuturu.

Basi mwanangu, anza kwa kuuliza. Kabla hujaandika agizo la kwanza, nenda kwa anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, umuulize anafanyaje na kwa nini. Ukiona kitu ni uchafu usikikate mpaka ujue kitamdhuru nani. Na siku mashine yako itakapohitilafiana na mwadhini, anza kujishuku wewe. Ukikosea, kiri mbele ya uliyemkosea, kisha urudi ukarekebishe, uangaliwe tena.

Mwenyezi Mungu akufungue akili na aibariki kazi ya mikono yako. Akujaalie na Mzee Shee wako, aivue miwani mapema, kabla mtu hajatia tende mdomoni kwa kukuamini wewe. Amin.