Pemba Nyuma ya Televizio

Kuuliza si ujinga, lakini kwa Octave kuuliza ni ugonjwa. Anatengeneza redio, simu na televizio katika kibanda karibu na soko la Kasongo, na ukimpelekea redio iliyokufa atakuuliza kwanza ilikufa ikiimba au ikisoma habari. Ni mgane wa miaka minane, watoto wake wote wana nyumba zao, kwa hiyo hana wa kumwambia anyamaze. Mimi jirani yake nimejaribu, nimeshindwa.

Mwezi wa nne Marie-Louise alimwita nyumbani kwake. Marie-Louise ni mjane, mshonaji, mwanamke wa kanisa aliyepita hamsini. Binti yake wa pekee, Sarah-Grâce, aliolewa Kalemie wakati wa mvua. Mama alitanguliza mzigo kwa gari: gauni la bibi harusi alilolishona mwenyewe, pamoja na nguo yake ya kitenge ya kuvaa siku hiyo, isichafuke njiani. Kisha akapanda pikipiki. Alifika Wamaza akakuta daraja la mbele limechukuliwa na maji. Akangoja siku tatu, akarudi Kasongo analia, na harusi ikafanyika bila yeye.

Baadaye binti alimtumia filamu ya harusi kwenye flashi, saa tatu nzima. Lakini msafiri mmoja mwenye mdomo mwepesi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kiti cha mama pale ukumbini hakikukaa kitupu. Hakueleza zaidi, akaenda zake. Tangu siku ile Marie-Louise akabaki na swali moja. Nani alikalia kiti chake? Alitaka sana kujua, na aliogopa sana kujua.

Shida ni kwamba hakuweza kufika huko ukumbini. Alikuwa akitazama mchana, madirisha yamefungwa ili jua lisipige kioo na watoto wa mtaa wasijazane, na chumba kinakuwa giza tupu. Ikipita nusu saa macho yanatoka machozi, kichwa kinagonga, anazima. Na televizio yenyewe haina kumbukumbu: ukiizima inaanza upya, ukiirusha mbele inagoma. Basi alikuwa amemwona mwanawe akishuka kwenye gari mara kumi na moja, na ukumbini hajaingia naye hata mara moja.

“Papa Octave, hii televizio iko mugonjwa,” alimwambia. “Inanichoma macho.”

“Inachoma wapi? Mbele ya jicho ao nyuma?”

“Weye sasa ni munganga?”

Octave hakukasirika. Alipunguza mwanga wa kioo, nyuso zote zikazama kwenye weusi. Akaurudisha. Akafungua mlango, macho ya Marie-Louise yakapoa, lakini picha ikafifia. Hapo akaanza kukuna kichwa, na Octave akikuna kichwa ujue amefurahi. Kumbe mkosaji si televizio, ni lile giza linaloizunguka. Jicho linavutwa huku na huku mpaka linachoka. Sasa taa aiweke wapi? Aliiweka mbele, ikajitazama kwenye kioo. Akaiweka pembeni, Marie-Louise akalalamikia jicho moja. Mwishowe akaificha nyuma ya televizio, uso wake ukutani.

Nilikuwepo, nikacheka. Kwetu taa humulikia mgeni sahani yake.

“Unatafuta nini kule, panya?” nilimuuliza.

“Niko natafuta sababu,” akajibu.

Asubuhi yake alirudi na utepe wa taa ndogo nyeupe alioung'oa ndani ya televizio mbovu. Akazipunguza nguvu, akaubandika mgongoni mwa ile nzima. Macho ya Marie-Louise yakatulia. Lakini ukuta wake ni wa udongo mwekundu, na mwanga uliorudi kutoka ukutani ulikuwa mwekundu vilevile. Na jicho likizungukwa na wekundu, cheupe hulionea kijani: gauni la harusi lilionekana kama limesuuzwa kwenye maji ya sombe, yale majani ya muhogo.

“Ile robe haiko yangu!” Marie-Louise akaruka. “Miye nilishona nyeupe!”

“Ni ukuta ndiyo iko inadanganya,” Octave alisema, akatoka mbio.

Sasa tumefika kwenye aibu. Ukuta mweupe unataka udongo mweupe, na udongo mweupe sokoni kwetu ni pemba, vile vibonge ambavyo wanawake wenye mimba hutafuna. Octave alikwenda kwa Mado, muuzaji wa pemba, akaomba ndoo nzima.

“Ndoo muzima? Ya nani?”

“Ya Mama Sarah-Grâce. Anaihitaji leo leo.”

Mtu wa maswali, na hakujiuliza jibu kama hilo linasikika vipi! Ndoo ya pemba ya mjane, na anayeibeba ni mgane! Hata hajaupita msikiti, habari ilikuwa imemtangulia. Mado alisema kwani hata Sara wa kwenye Biblia si alizaa uzeeni. Na mimi niliyejua habari ya taa, je, nilinyamaza? Nikatia chumvi yangu. Lisemwalo lipo, nilisema, na kama halipo laja. Leo naona haya, lakini siku ile ilikuwa tamu.

Saa tisa tukaenda wanawake wanne, Mado mbele, mikono imebeba ndizi na macho yamekuja kupima tumbo. Marie-Louise alikuwa mlangoni. Habari zilikwisha kumfikia, na hasira ilikuwa imempanda.

“Mumekuja kuona mimba? Iko kule ku ukuta. Muingie!”

Octave alikuwa ndani, mweupe mpaka kwenye viwiko.

“Mimba gani?” akauliza. “Baba yake ni nani?”

Marie-Louise akawasha televizio. Tukakaa, tumeinamisha nyuso.

Ukuta ulikuwa mweupe, mwanga wake mpole, na gauni lilikuwa jeupe kama lilivyoshonwa. Tulimwona Sarah-Grâce akishuka kwenye gari, tukamwona kanisani, na Marie-Louise hakupangusa macho hata mara moja. Ukumbini taa zilikuwa chache, lakini nyuso zote zilionekana, hata mikunjo ya mashati. Kamera ikageukia viti vya wazazi. Marie-Louise akaushika mkono wa aliyekuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu ni Mado.

Kiti hakikuwa kitupu, kweli. Kilikuwa kimevikwa nguo yake, ile ya kitenge aliyoitanguliza, vifungo vyote vimefungwa, na kilemba kimewekwa juu. Sarah-Grâce akaja na gauni lake, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa kungoja baraka. Alingoja sana.

Mado akaanza kulia. Octave hakuuliza kitu.

Marie-Louise alisimama, akaenda mpaka kwenye televizio, akaweka kiganja chake kwenye kioo, juu ya kichwa cha mwanawe.

“Inuka, mwana wangu,” alisema. “Nimefika.”

Na Sarah-Grâce akainuka.