Gongo la Mwanarusi Lazima Livunjwe Kwanza

Ni asubuhi katika karakana moja ya Mji wa Kale. Mwanarusi Shukri analilaza gongo jipya la kutembelea juu ya vigoda viwili, gongo alilolipiga msasa mpaka likang'aa, kisha anatundika mfuko wa mchanga katikati. Anaongeza wa pili, na wa tatu. Gongo linakatika kwa kishindo. Mwanarusi anatabasamu.

"Limebeba zaidi ya mtu mnene," asema, akiokota vipande.

Wapita njia humwona ana wazimu, kuharibu kazi ya mikono yake. Mwaka juzi naye angewaunga mkono.

Wakati huo seremala huyu mwenye miaka arobaini na mmoja alibuni gongo jembamba, jepesi, lililompendeza kila aliyelishika. Kwa sampuli alichagua mbao safi kuliko zote alizokuwa nazo. Liliposifiwa, akatengeneza mengine kwa mbao za kawaida, zenye vifundo na nyufa ndogo.

La kwanza kuvunjika lilikuwa la shangazi yake, Bi Maisara wa mtaa wa Ganjoni. Lilimkatikia kwenye ngazi. Mwanarusi alimkuta chini, nyonga imevunjika.

"Nilibuni gongo la ile mbao moja," asema. "Hizi nyingine sikuzifikiria kabisa. Wallahi, mimi ndiye niliyemwangusha."

Aliyakusanya magongo yote aliyouza, nyumba kwa nyumba. Tangu hapo hajauza hata moja. Anaishi kwa kukarabati vitanda vya watu, na kuna siku jiko haliwashwi.

Sasa akienda kununua mbao huomba mbovu kuliko zote. Thoya, muuzaji wake, hadi leo hayaamini masikio yake. Kwa mbao hizo Mwanarusi hujaribu kila umbo jipya: likivunjika, hunenepesha shingo, pale chini ya mshikio, au hubadilisha kiungo, mpaka hata mbao yenye fundo imbebe mtu.

Wiki iliyopita alimpelekea Bi Maisara gongo jipya. Shangazi aligoma kulishika mpaka Mwanarusi mwenyewe apande na kushuka nalo ngazi zile zile. Alifanya hivyo, machozi yakimlengalenga.

"Haya, mwanangu," Bi Maisara akalipokea. "Lakini ukuta siuachi."

Sasa hutembea hivyo, mkono mmoja gongoni, mwingine ukutani, Mwanarusi nyuma yake. Siku mkono ule utakapoachia ukuta, asema Mwanarusi, ndipo atakapofungua tena mlango kwa wanunuzi.