Salamu za Nyandwi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, lakini ninavyoikumbuka sivyo ilivyoandikwa, na aliyeiandika ni mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimechukua daftari. Uuvumilie mwandiko wangu, shule niliishia darasa la tatu. Ila majina hayanipotei.

Kwetu Burundi mtoto wa saba huitwa Nyandwi, na wa nane Minani. Huhitaji kuuliza nani alimfuata nani. Mimi nilikuwa wa nne, na nyumbani waliniita Karani, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua kuandika.

Tulipokimbilia Tanzania tulipelekwa msituni, upande wa Mpanda. Tulipewa mashoka na majembe tukaonyeshwa miti: hapa ndipo kijiji chenu. Kijiji hakikuwepo, mwanangu, kilikuwa bado ndani ya miti, ikabidi tukitoe. Baba akaenda mbali, Tanga, kukata mkonge. Mama akabaki nasi wanane, na shangazi Beata, dada mkubwa wa baba.

Kila lori lilipotoka kwenda mjini, mama alikaa kwenye kisiki na mimi chini yake. Yeye alisema kwa Kirundi, mimi niliandika Kiswahili, maana Kirundi sikufundishwa kukiandika, na kule Tanga aliyemsomea baba alikuwa Msambaa. Niliandika kwamba kisima kimefika kwenye maji, kina cha watu wanne kusimamiana mabegani. Kwamba nyani wamemaliza mahindi ya jirani Yohana na yetu wameyaacha, na Yohana anatutazama vibaya. Kwamba mbung'o wameua ng'ombe wa pekee wa kijiji. Kwamba Minani anakula udongo. Mwisho zilikuja salamu, kwa majina, kuanzia mkubwa hadi mdogo, wote wanakusalimu.

Masika yale Nyandwi alishikwa na homa. Barabara ilikuwa imekatika. Siku mbili tu. Alikuwa na miaka mitano.

Lori liliporudi, mama alikaa kwenye kisiki kile kile akaniambia, "Andika kwamba Nyandwi ametutoka."

Niliandika habari za maharage. Niliandika habari za kisima. Nikafika kwenye salamu, nikaandika majina sita, na kalamu ikasimama. Ningeandikaje Minani bila Nyandwi? Mtu anafikaje nane bila kupita saba? Nikaandika: Nyandwi anakusalimu, Minani anakusalimu.

"Umeandika?" mama akaniuliza.

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea kwa Kirundi yale aliyoyasema yeye, siyo yale ya kwenye karatasi. Alilia juu ya barua ile, akaikunja mwenyewe.

Baba alirudi mwaka wa pili baada ya hapo. Alikuja kati ya visiki akiita majina yetu kwa mpangilio, kama alivyozoea, na sisi tukiitika kila mmoja kwa zamu. Alipofika kwa Nyandwi akasimama. Hakuna aliyeitika. Mama alinitazama mimi. Baba akangoja, akangoja, kisha akaita "Minani" kwa sauti ya chini. Kutoka kwenye mfuko wake alitoa shati la buluu lenye mfuko kifuani, akamvika Minani. Hakuniuliza kitu siku ile wala siku nyingine mpaka kufa kwake.

Aliyeniuliza ni shangazi Beata. Aliniita jikoni.

"Wewe Karani. Kilio cha mtoto ni cha baba yake. Ulipewa umpelekee, ukakikalia."

"Nilimhurumia, shangazi."

"Ulijihurumia. Yeye umemwacha akicheka na salamu za kaburini, mbele ya watu baki. Hiyo ndiyo huruma?"

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami kilio kile kilinifichua kati ya visiki, ndugu zangu wote wakiangalia.

Hivyo ndivyo nilivyoibeba habari hii zaidi ya miaka hamsini: kosa moja, barua moja. Nimevuka nayo bahari mpaka hapa Macquarie Fields. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imefika Australia.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisani alirudi kutoka Kigoma na kopo la majani ya chai, ametumwa na Minani. Ndani mlikuwa na barua zile. Baba alizirudisha zote kutoka Tanga, mama akazitunza, Minani akazirithi. Mjukuu wangu Divine, anayesoma chuo kikuu pale Parramatta, alifurahi kupita kiasi. Anaandika kitabu kidogo cha ukoo, ana karatasi kubwa yenye majina yetu kama matawi. Jumamosi alikaa mezani kwangu, akisoma Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, mimi nikipika maharage.

"Bibi, mbona hukuniambia una mdogo wako mwingine? Babu Nyandwi yuko wapi sasa?"

Nikamuuliza ameona wapi.

"Hapa. Na hapa. Hapa pia. Na hapa."

Barua nne, mwanangu, zote za baada ya kifo chake. Katika moja Nyandwi anasalimu, na karatasi ina doa la chozi la mama. Katika ya pili Nyandwi ameng'oka jino. Katika ya tatu amejifunza kupiga mluzi na nyani wanamkimbia. Katika ya nne anauliza baba anarudi lini. Mwandiko ni wangu, ile "n" yangu inayoegemea kama mlevi. Sikumbuki. Nilisimama na mwiko mkononi nikijiuliza, je, nilimkuza mdogo wangu kwenye karatasi kwa sababu ardhi ilikataa kumkuza? Au mama ndiye aliyeyasema hayo, nami nikaandika kwa utii? Wa kumuuliza hayupo. Nakumbuka jina la mbwa wa Yohana, lakini hili silikumbuki.

Na Divine alikuwa ameshaandika kwenye kundi la ukoo kwenye simu: tunamtafuta babu Nyandwi. Ndugu watatu walikuwa wameshajibu kwa furaha, mmoja anaomba atumiwe picha yake.

Nikampigia Minani asije akasikia kwa wengine, lakini alikuwa ameshasikia.

"Dada Karani, nasikia huko Australia mnafufua watu."

Nikamwambia yote, pamoja na jambo nililoliogopa zaidi: kwamba shati analolisimulia kwa wajukuu wake, shati ambalo baba alimletea yeye, lilinunuliwa kwa ajili ya marehemu.

"Dada, shati lilinitosha."

"Najua, mdogo wangu."

"Hujui. Nyandwi alikuwa na mabega. Baba angemnunulia yeye, mimi ningelivaa kama kanzu. Lilinikaa mwilini."

"Basi baba alikuwa anajua?"

"Usiniulize mimi. Mimi nilikuwa nakula udongo."

Kama alijua, kwa nini aliita jina lile akangoja? Kama hakujua, kwa nini shati lilimtosha Minani? Nageuza hivi, nageuza vile, sipati pa kushika.

Nikamrudia Divine nikamweleza. Hakunilaumu. Alinijibu kwa Kiingereza, nikapata nusu, kisha akalitafuta neno kwa Kiswahili: "Bibi, kama jino si kweli, kisima je?"

"Kisima ni kweli."

"Nitajuaje?"

Hapo aliponigusa, hata shangazi Beata hakunigusa. Maana msitu ule, nyani wale, ng'ombe yule, hakuna aliyeviandika ila mimi, na mimi ndiye niliyevitia uongo. Nikamwambia achukue kalamu, nikamsemea: "Nyandwi alifariki masika, akiwa na miaka mitano. Dada yake alishindwa kuandika." Akaandika chini ya tawi lake, akanisomea. Nami nikavaa miwani nikainama begani kwake, nione kama alichosoma ndicho kilichoandikwa.

Kilikuwa hicho.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia. Mambo madogo yaandike, kisima na wizi wa nyani, kwa maana makubwa yana wengi wa kuyasimulia. Ukitumwa kupeleka msiba, ufikishe. Usiutie utamu wala usiupunguze uchungu, kilio kina mwenyewe. Ukishindwa, andika kwamba umeshindwa. Na wazee wako waulize wakiwa bado wanaitika, usije ukabaki kama mimi na shati lisilo na majibu.

Mungu akupe watu wengi wa kuwasalimu kwa majina. Na siku utakapofika kwenye jina lisiloitika, akupe nguvu ya kusimama pale, kisha akupe na sauti ya kumwita anayefuata.