Kikaango cha Verdell

Mjini Kanab, ukingoni mwa jangwa, mtu akitaka jeki ya kwenda nayo jangwani haendi dukani kabla ya kumwuliza Verdell Stoker. Na hapo ajiandae. Verdell atamshika bega, ampeleke kwenye gari lake kuukuu, aipigepige kwa kiganja jeki ndefu ya chuma iliyofungwa mbele. "Hii imeinua trekta la baba yangu. Hizo nyingine, za chupa, kainulie kitanda!" Yeye ndiye mkuu wa chama cha madereva wa jangwani miaka nenda miaka rudi. Nani ambishie?

Basi bintiye Shaylee alipoolewa na Kolby, kijana mpole, zawadi ya mzee ikawa jeki ndefu, nyekundu, inayong'aa. Siku hiyohiyo mzee akafungua buti la gari la mkwewe, akatoa jeki ya chupa, ile fupi inayosukuma gari kutoka chini, akaenda nayo kuzuilia mlango wa gereji yake.

"Lakini mzee, hiyo ndiyo..."

"Ndiyo nini? Mwanangu haendi jangwani na kichezeo."

Kolby akafunga buti. Na Verdell, mjuzi wa wajuzi, hakuinama hata mara moja kutazama lile gari! Lilikuwa jipya, bampa za plastiki, ubavuni plastiki tupu. Jeki ndefu inataka chuma cha kung'ata. Yeye alikulia kwenye magari ya chuma mbele na nyuma, haikumpitikia kwamba lipo gari lisilo na pa kushikwa.

Jumamosi moja tairi la Kolby likachanika kwenye mawe, mbali na watu, na Shaylee yumo garini, ana mimba kubwa. Wakaita msaada kwa redio. Verdell alipofika na rafiki yake Rulon, jua lilikuwa kali ajabu. Bampa ya nyuma ilikuwa imeng'oka inaning'inia, jeki nyekundu imelala mchangani. Shaylee kajikunyata ubavuni mwa gari, midomo imekauka, maji ya kunywa yamekwisha.

Mzee akapiga magoti, akachungulia chini ya gari. Akaelewa.

"We Kolby!" Rulon akapaza sauti. "Jeki nzuri namna hii, umeshindwaje?"

Verdell akafungua mdomo. Kolby akamtangulia.

"Mzee alinionyesha pa kuishikiza. Ni mimi ambaye sikusikia."

"Si ndio nyie vijana!" Rulon akamaka.

Verdell akafunga mdomo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na bado akanyamaza. Hebu fikiria, mtu mzima kujificha nyuma ya mkwewe!

Jioni, Shaylee keshanyweshwa maji na gari limekwamuliwa, chama kilikusanyika kula viazi vya jibini vilivyopikwa kwa makaa. Wana desturi yao: aliyefanya wenzake waende kumkwamua hufungiwa kikaango cha kutu mbele ya gari, azunguke nacho mjini mpaka apatikane mzembe mwingine. Mkuu ndiye anayefunga.

"Kolby! Kolby!" watu wakashangilia, wengine wakipiga vijiko kwenye sahani. Kolby akacheka nao. Verdell akachukua kikaango na waya, akachutama mbele ya gari la Kolby.

Shaylee alikuja akasimama karibu yake. Siku ile buti lilipofunguliwa alikuwepo. Akasema polepole, "Kifunge vizuri, Baba. Kisije kikaanguka."

Mzee akauachia waya. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, wahenga walisema, na Verdell alikuwa kachutama tayari.

"Si chake," akasema.

"Unasemaje, Ndugu Verdell?" mmoja akauliza.

"Kikaango ni changu. Gari hili ile jeki haina pa kulishika. Sikulitazama. Yake iliyofaa niliitoa mimi, nikaifanya kizuizi cha mlango. Na leo nimeacha mtoto wa watu anisemee uongo."

Hakuna aliyecheka. Hata Rulon alitazama sahani yake. Verdell akakibeba kikaango hadi gari lake, akakifunga mwenyewe, na Jumapili akaenda nacho kanisani. Watu walimsalimu kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko matusi.

Jeki ya chupa aliirudisha kwa mkono wake. Kolby alimwambia, "Yameisha, mzee." Labda kwake yameisha. Lakini siku hizi Shaylee hapandi gari bila kufungua buti kwanza na kutazama kama jeki yao imo. Hufanya hivyo hata baba yake akiwa amesimama palepale.